Wanachuo na Ardhi: Historia ya Miradi ya Kujiongoza na Funzo Lake kwa Nkoroi na Kitengela

1. Utangulizi

Siku hizi neno mradi limeshika nafasi kubwa katika maisha ya vyuo vikuu vyetu. Mwanachuo hatarajiwi tena kusikiliza mihadhara na kujibu maswali ya mtihani tu. Anatarajiwa pia abuni kazi yake mwenyewe, aiongoze na kuitolea hesabu, na aghalabu kazi hiyo huhusu utunzaji wa mazingira: kitalu cha miche, tangi la kukingia maji ya mvua, shimo la mboji, au usafishaji wa mto. Inasemekana kwamba kwa njia hii mwanachuo hujifunza mambo ambayo ubao wa darasani hauwezi kumfunza.

Makala haya hayakusudii kupinga rai hiyo. Yanakusudia kuitazama kwa jicho la historia, na kuuliza: katika Afrika Mashariki, wanachuo walipotoka darasani kwenda kuishughulikia ardhi, walijifunza nini, na ni kitu gani kilichosalia baada yao? Swali la pili ndilo zito zaidi. Tutadai kwamba kujiongoza kwa mwanachuo hakutoshi. Kazi ya kujiongoza huzaa elimu ya kweli pale tu anapowajibika kwa wale watakaobaki na ardhi hiyo muhula utakapokwisha.

Mahali tunapopafikiria hasa ni Nkoroi, Kaunti ya Kajiado, pamoja na nyika za Kitengela zilizo upande wa mashariki yake. Lakini ili tuuelewe mtihani unaomkabili mwanachuo aendaye huko, yatubidi kwanza tupitie Dar es Salaam na Nairobi, ambako mjadala huu ulianza.

2. Nkoroi na Kitengela: hali ya mahali

Nkoroi imo katika Kajiado Kaskazini, jirani na Ongata Rongai. Zamani sehemu hizi zilikuwa malisho ya Wamaasai. Mapatano ya mwaka 1904 na ya mwaka 1911 baina ya Waingereza na viongozi wa Kimaasai yaliwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa la kati na Laikipia, na kuwakusanya kusini mwa reli. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1968 iliruhusu malisho yasajiliwe kuwa ranchi za pamoja. Haukupita muda mrefu wanachama wakaanza kudai kila mtu fungu lake, na huko Kitengela ranchi ya pamoja iligawanywa mwaka 1988. Fungu likishakuwa na hati, laweza kuzungushiwa ua, kukatwa vipande na kuuzwa.

Matokeo yake yanaonekana wazi katika hesabu ya watu. Sensa ya mwaka 1999 ilihesabu watu 406,054 katika Kajiado. Ile ya mwaka 2009 ilihesabu 687,312. Na ile ya mwaka 2019 ilihesabu 1,117,840. Katika miaka ishirini idadi imezidi maradufu, na wengi wa wageni hao wamekaa kandokando ya Nairobi: Ongata Rongai, Ngong, Kiserian, Kitengela. Vyuo navyo vimefuata. Chuo Kikuu cha Africa Nazarene kilifunguliwa Ongata Rongai mwaka 1994, na wanachuo wa vyuo vya upande wa Lang'ata na barabara ya Magadi hupanga vyumba katika mitaa hiyo hiyo.

Kwa hiyo mwanachuo wa Nkoroi hahitaji kusafiri kwenda kuyatafuta matatizo ya ardhi. Yeye mwenyewe ni sehemu ya matatizo hayo. Chumba anacholala kimejengwa mahali palipokuwa malisho, na maji anayotumia aghalabu yanatoka katika kisima kilichochimbwa chini sana. Jambo hili lafaa likumbukwe, kwani mara nyingi mradi hufikiriwa kana kwamba ni zawadi ambayo mwenye elimu huwapelekea wasio nayo.

3. Kujitolea kwa amri

Tuanze na Dar es Salaam. Mwaka 1966 serikali ya Tanzania ilitaka wahitimu wa vyuo wajiunge na Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili: miezi ya mwanzo kambini, na muda uliosalia kazini kwa mshahara uliopunguzwa sana. Tarehe 22 Oktoba, 1966, wanachuo waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao, kuipinga sheria hiyo. Rais Nyerere aliwafukuza wapatao 400, na siku hiyo hiyo akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa wanachuo hao walirudishwa baadaye. Mwezi wa Februari 1967 likatolewa Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata ukatolewa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, ambao ulizitaka shule ziwe na mashamba na zijilishe kwa jasho lake.

Waraka huo ulikuwa na hoja ambayo hadi leo haijapitwa na wakati, nayo ni kwamba elimu inayomtenga kijana na kazi ya mikono humfanya aidharau jamii iliyomsomesha. Hata hivyo utekelezaji wake ulikuwa na kasoro ambayo mwanafunzi wa lugha ataitambua upesi. Vitenzi vilivyotumika, yaani kujitolea na kujitegemea, vina kiambishi -ji-, ambacho huonyesha kwamba mtenda na mtendwa ni mmoja. Anayejitolea hujitoa mwenyewe. Mtu akitolewa na mwingine, basi ametolewa, wala hakujitolea. Katika shule nyingi mwalimu ndiye aliyechagua zao, mwalimu ndiye aliyepanga zamu, na kulima kukawa pia adhabu ya mwanafunzi mtovu wa nidhamu. Kiambishi kilibaki katika maneno, lakini katika matendo kilikuwa kimekwisha kuondolewa.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilijaribu njia nyingine: kijana amalize shule, atumike jeshini na kazini kwanza, ndipo aombe nafasi chuoni kwa mapendekezo ya wale aliofanya kazi nao. Kenya nayo, kuanzia mwaka 1984, iliwapeleka wanachuo wapya katika mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, Gilgil, kabla ya kuanza masomo, na mpango huo ukadumu miaka michache tu. Hatusemi kwamba mipango hii haikuwafunza vijana kitu. Wako wengi waliopata humo ustahimilivu, na marafiki wa makabila mengine. Lakini hapakuwa na hata mmoja kati yao aliyeulizwa: wewe waona nini hapa, na ungependa kufanya nini juu yake?

4. Kupe na miche saba

Swali hilo lilijiuliza lenyewe mahali pasipotarajiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Wangari Maathai, aliyekuwa mhadhiri wa anatomia ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa akitafiti ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe. Kazi hiyo ilimpeleka mashambani kukusanya kupe katika miili ya ng'ombe. Huko aliona kwamba ng'ombe walikuwa wamekonda kwa kukosa majani, kwamba mito ilikuwa imegeuka rangi ya udongo, na kwamba miti ya asili ilikuwa imekatwa kupisha mazao ya biashara. Akatambua kwamba hatari iliyowakabili ng'ombe hao, na watu wenye ng'ombe, ilikuwa kubwa kuliko kupe.

Tukio hili lafaa kutiliwa maanani na yeyote anayeandaa miradi ya wanachuo. Maathai hakwenda mashambani kwa ajili ya mazingira. Alikwenda na swali moja, akarudi na jingine. Kujiongoza katika elimu ni uwezo wa kuliacha swali ulilokuja nalo pindi mahali penyewe panapokuonyesha kwamba liko lililo kubwa zaidi. Ratiba iliyofungwa tangu mwanzo, yenye malengo yaliyokwisha kuandikwa na fomu za kujazwa, haimpi mtu nafasi hiyo.

Mafanikio hayakuja mara moja. Kitalu alichokianzisha katikati ya miaka ya 1970 katika msitu wa Karura hakikufaulu. Tarehe 5 Juni, 1977, akishirikiana na Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, alipanda miche saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Baadaye alisimulia mwenyewe kwamba ni miwili tu iliyodumu. Lakini kutokana na miche hiyo ilitokea jumuiya ya Green Belt, na humo ukawekwa utaratibu ambao kwa maoni yetu ni mzito kuliko hotuba nyingi: wanawake wenye vitalu walipewa malipo madogo kwa kila mche uliokuwa hai baada ya kupandwa. Mche uliokufa haukulipiwa.

Utaratibu huo uliibadilisha kazi nzima. Mtu anayehesabiwa miche aliyopanda atapanda mingi, apigwe picha, aende zake. Mtu anayehesabiwa miche iliyoishi atataka kujua udongo, mvua, mchwa, mbuzi wa jirani, na zamu ya kunyweshea. Wataalamu wa misitu walishuku kama wanawake wasio na stashahada wangeweza kazi hiyo. Wanawake waliiweza, wakatumia mbinu zao za ukulima na kufundishana wao kwa wao. Hapo ndipo elimu ilipokuwa: katika haja ya kuhakikisha kwamba kitu hakifi.

5. Karura, 1999

Wanachuo wenyewe waliingia katika historia hii kwa kishindo miaka ishirini na zaidi baadaye. Msitu wa Karura, kaskazini mwa Nairobi, wenye ukubwa wa hektari zipatazo 1,000, ulikuwa umetangazwa kuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932. Katika miaka ya 1990 sehemu zake zilianza kugawiwa watu binafsi kwa ajili ya majengo. Tarehe 8 Januari, 1999, Maathai na wenzake walikwenda kupanda mche langoni, wakapigwa na walinzi, naye akajeruhiwa kichwani. Mwishoni mwa mwezi huo wanachuo wa Nairobi na wa Kenyatta waliandamana kuutetea msitu. Walipambana na polisi kwa siku kadhaa, na masomo yakavurugika. Tarehe 16 Agosti mwaka huo huo Rais Moi alitangaza kupiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Leo Karura ni msitu, na wakazi wa Nairobi huenda humo kutembea.

Haiwezekani kukana kwamba wanachuo wa mwaka 1999 walijiongoza. Hakuna mhadhiri aliyewapa alama kwa kazi ile, na wengine waliilipia kwa majeraha. Walijifunza sheria za ardhi kwa muda mfupi kuliko ambavyo somo lolote lingewafunza. Lakini mwanahistoria mwaminifu hatakomea hapo. Maandamano yalikuwa na mawe na moshi ndani yake, na mali za watu wasiohusika ziliharibika. Tena kuuzuia msitu usikatwe ni kazi ya siku, na kuutunza ni kazi ya miaka. Kazi hii ya pili ilifanywa na watu wengine: walinzi wa misitu, wakazi wa jirani na vikundi vya kijamii, ambao hawakuwa na likizo.

Hivyo Karura yatuonyesha nguvu ya wanachuo na upungufu wao. Nguvu yao ni kwamba hawajafungwa bado na mishahara na vyeo. Upungufu wao ni kwamba hawakai. Kila baada ya miaka minne kizazi kizima huondoka chuoni na kumbukumbu zake.

6. Kitengela: ramani ya nyua

Mfano wa tatu unaturudisha Kajiado. Nyika za Kitengela zimepakana upande wa kusini na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946. Upande huo uliachwa bila ua, ili nyumbu na pundamilia watoke wakati wa mvua kwenda malishoni nje ya mbuga na kurudi wakati wa kiangazi. Baada ya ranchi kugawanywa, nyua za watu binafsi zilizidi kuongezeka, njia za wanyama zikazibwa, na ng'ombe wa wafugaji nao wakakosa pa kupita.

Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi kwa kila ekari waliyoiacha wazi, bila ua wala kuuza. Fedha hizo zililipwa mara tatu kwa mwaka, na nyakati zake zilipangwa zilingane na mihula ya shule, kwa kuwa karo ndiyo iliyowasukuma wazazi wengi kuuza ardhi. Tangu mwaka 2003 watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, yenye makao yake Nairobi, walifanya kazi na wafugaji katika mradi uliopewa jina la Kimaasai Reto-o-Reto, yaani nisaidie nikusaidie. Wawezeshaji wake walitoka katika jamii yenyewe. Wenyeji walishiriki katika kuzunguka nyika wakiwa na vifaa vya kupokea ishara za setilaiti, wakaandika mahali palipo na kila ua, na ramani ikachorwa. Ramani hiyo ilitumiwa na wafugaji wenyewe mbele ya wakuu wa serikali, na ikasaidia kuutayarisha mpango wa matumizi ya ardhi ya eneo hilo.

Jina la mradi huu lina funzo la kisarufi. Vitenzi vya Dar es Salaam vilikuwa na -ji-, kiambishi kinachomrejea mtenda peke yake. Jina la Kitengela lina maana ambayo sisi huieleza kwa -an-: kusaidiana. Mtafiti alihitaji kujua nyua ziko wapi, na mfugaji alihitaji ushahidi wa kumwonyesha mkuu. Ramani moja ilizikidhi haja mbili, na ndiyo sababu haikuishia katika kabati la maktaba. Wala haikuizuia kila nguzo isisimikwe. Ardhi imeendelea kuuzwa. Lakini iliwaachia wenyeji chombo wanachojua kukitumia.

7. Mtihani wa Nkoroi

Sasa tumfikirie mwanachuo wa Nkoroi anayetakiwa abuni mradi. Kalenda yake ni ya mihula, yapata miezi minne kila mmoja. Kalenda ya mahali ni ya mvua mbili: za masika, kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Akipanda miche mwezi wa Novemba, picha zitakuwa nzuri, ripoti itawasilishwa, naye atakwenda nyumbani kwa Krismasi. Januari na Februari ni kavu. Nani atanywesha? Kama hakulijibu swali hilo kabla ya kuchimba shimo la kwanza, basi hakupanda miti, bali amepanda vijiti.

Au tuchukue maji. Katika sehemu kadhaa za Ngong, Kiserian na Ongata Rongai, maji ya visima virefu yana floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiasi kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya watoto hupata madoa ya kahawia. Mwanachuo mwenye nia njema aweza kuanzisha kampeni ya kuwahimiza watu wachemshe maji. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi iliyobaki huzidi kukolea. Kinachofaa ni kuchanganya na maji ya mvua, au kuchuja kwa mkaa wa mifupa. Mama anayeuza maji kwa madebe, au mzee anayekumbuka kisima kipi kiliwaharibu watoto meno, atamwokolea mwanachuo huyo muhula mzima, mradi amwendee kwa adabu na kumsikiliza.

Mradi amsikilize: tazama neno lilivyojirudia. Katika Kiswahili mradi ni kusudio la mtu, na pia ni kiunganishi kinachoweka sharti. Vyuo vyetu vimelishika kusudio na kulisahau sharti. Sharti lenyewe, kwa mujibu wa historia tuliyoipitia, ni kwamba aliye mwenyeji aseme kwanza, na kwamba aliye mgeni aage kwa kukabidhi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji apigwe picha.

Na kuna lugha ambayo mazungumzo hayo yatafanyika. Neno endelevu, tunalolitumia leo kwa maendeleo yasiyokula akiba ya kesho, lilipata nguvu baada ya ripoti ya tume ya Brundtland ya mwaka 1987. Ni neno zuri, lakini ni jipya, na mzee wa Kajiado hana haja ya kulingoja. Kimaasai kina neno eramatare, lenye kukusanya pamoja utunzaji wa mifugo, malisho na watu wa nyumbani. Nkoroi imo katika wadi ya Olkeri. Na katika Kimaasai liko neno olokeri, yaani malisho yaliyowekwa akiba kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu wakati wa kiangazi. Liwe ndilo lililozaa jina la wadi au la, latosha kutukumbusha kwamba elimu ya kuweka akiba haikuletwa hapa na chuo kikuu. Mwanachuo anayekusanya maneno ya aina hii, akaandika maana zake na kanuni zilizoyalinda, amefanya mradi wa mazingira hata kama hakupanda mche mmoja. Idara za lugha zina fungu lao katika kazi hii, na hazina sababu ya kuwaachia wataalamu wa misitu peke yao.

8. Hitimisho

Tumeona njia tatu. Dar es Salaam ya mwaka 1966 ilikuwa na kazi bila hiari, na wanachuo waliikataa. Karura ya mwaka 1999 ilikuwa na hiari na ujasiri, lakini utunzaji wa miaka ukawaangukia wengine. Kitengela ilikuwa na polepole ya kusaidiana, ambayo haikuwa na kishindo na ambayo iliacha kitu mikononi mwa wenyeji.

Tunapendekeza kwa hiyo kwamba vyuo vibadilishe namna ya kutoa alama. Mradi usikaguliwe mwisho wa muhula tu. Ukaguliwe tena baada ya kiangazi kimoja, na anayekagua asiwe mhadhiri peke yake, bali pia jirani aliyeachiwa ndoo ya kunyweshea. Kizazi kinachoingia chuoni kianze kwa kuusoma mradi wa kizazi kilichotoka, na kuuendeleza kabla ya kubuni mwingine. Taasisi ya Wangari Maathai katika Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2009, ilikusudiwa kuyaunganisha masomo na kazi za jamii kwa namna kama hii. Vyuo vya Kajiado vina nafasi ya kufanya hivyo mlangoni pao.

Kujiongoza ni mwanzo mwema. Lakini -ji- isipokua ikawa -an-, yaani kujiongoza kusipokua kukawa kuongozana, mwanachuo atapata alama zake na ardhi itabaki kavu kama alivyoikuta. Wale wanawake wa vitalu walikwisha kutuonyesha jinsi ya kuhesabu: hesabu iliyo njema ni ya miche iliyo hai.